Bungua Mweupe wa Kahawa: Jina Moja kwa Mdudu Mwenye Maumbo Manne

Utangulizi

Mfasiri anapokabidhiwa kijitabu cha kilimo, aghalabu hujiandaa kukabiliana na majina ya dawa, vipimo na mitambo. Majina ya wadudu huyaona kuwa mepesi: huandika funza, mende au kiwavi, kisha akaendelea na sentensi inayofuata. Lengo la makala haya ni kuonyesha kwamba jina la mdudu lisipolingana na maisha ya mdudu huyo, hasara yake haiishii katika karatasi. Huenda ikafika shambani na kuua mti uliolelewa kwa miaka mingi.

Mfano tutakaoutumia ni wa mdudu mmoja anayeshambulia kahawa aina ya arabika katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Wataalamu humwita Monochamus leuconotus. Mabwana shamba wetu wamemzoea kwa jina la bungua mweupe wa kahawa. Tutaeleza kwanza maisha na tabia zake, kisha tutapima majina anayopewa, na mwisho tutatoa mapendekezo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Mkulima na wadudu wake wawili

Kata ya Kisondela imo katika Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, katika nchi ya milima yenye udongo wa volkano na mvua nyingi. Mji ulio karibu ni Tukuyu. Katika sehemu nyingi za wilaya hiyo, mgomba, mkahawa, mchai na mparachichi ni mimea ya jirani kwa jirani. Na mkahawa mara nyingi husimama chini ya kivuli cha mgomba.

Tumchukue mkulima mmoja wa huko, wa kufikirika tu, ambaye mikahawa yake miwili imeanza kugeuka rangi ya manjano. Anainama, anaona unga wa mbao umerundikana chini ya shina. Anafungua kijitabu alichopewa. Ukurasa mmoja wasema kwamba unga huo ni dalili ya “funza wa shina”. Ukurasa mwingine, ulioandikwa pengine na mfasiri mwingine, wataja “mende wa kahawa”, mwenye mgongo mweupe na masharubu marefu, anayeguguna magamba ya vijiti vichanga. Mkulima anamwendea bwana shamba na kumwambia, “Bwana shamba, funza nimemwona, na dawa yake naitafuta. Yule mende nimemwacha, maana haonyeshi kudhuru sana.”

Mkulima huyo hana kosa. Amesoma kwa makini, akaelewa sawasawa na alivyoandikiwa: kwamba wadudu ni wawili. Ukweli ni kwamba mdudu ni mmoja. Yule anayemwacha kwenye kijiti leo ndiye mzazi wa yule atakayemtafuta ndani ya shina mwaka ujao. Lugha ndiyo iliyomgawa mdudu mmoja kuwa wawili, na kwa kufanya hivyo ikampa mlango wa kupita.

Ukoo wa mdudu huyu

Bungua mweupe ni mmoja wa wadudu wa oda ya Koleoptera, yaani wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamekuwa magumu kama ganda na kuyafunika mabawa ya nyuma, ambayo ni laini na ndiyo ya kurukia. Katika oda hiyo yumo katika familia ya Cerambycidae, familia kubwa yenye spishi zipatazo 35,000 duniani. Alama yake mashuhuri ni vipapasio virefu, ambavyo aghalabu hulingana na urefu wa mwili au huupita. Kwa kawaida kila kipapasio kina pingili 11.

Jina la familia hiyo limetokana na hadithi ya Wayunani juu ya mchungaji aitwaye Kerambos, aliyewaudhi majini wa kike wa milimani wakamgeuza mdudu mtafuna miti. Hata hao wahenga, basi, walimtambua mdudu huyu kwa mambo mawili: vile vitu virefu vya kichwani mwake, ambavyo walivifananisha na pembe, na kazi yake ya kutafuna miti.

Ni vema kusema mapema kwamba wengi wa familia hii si maadui wa mkulima. Wengi huishi katika magogo yaliyokufa na matawi yaliyoanguka. Huyatafuna, wakayalainisha, na hivyo huharakisha kurudi kwa miti katika udongo. Wengine hutembelea maua na kusaidia uchavushaji. Wachache tu ndio waliojizoeza kuingia katika miti iliyo hai, na bungua mweupe ni mmoja wa hao.

Maisha ya bungua mweupe

Mdudu huyu hupita katika maumbo manne: yai, buu, pupa na mdudu kamili. Tangu yai mpaka mdudu kamili hupita muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili, kwa kutegemea joto na mwinuko wa mahali.

Mdudu kamili ana urefu wa sentimeta 2 hadi 3.5. Mabawa yake magumu yana rangi ya kijivu inayokaribia weupe, na ncha yake ni ya hudhurungi. Ndiyo sababu ya neno leuconotus, ambalo katika Kiyunani lina maana ya “mwenye mgongo mweupe”. Vipapasio vya dume ni virefu kuliko vya jike. Akishikwa, hutoa sauti nyembamba ya kukwaruza kwa kusugua sehemu za kifua chake. Hutoka mitini mvua zinapoanza, ambazo huko Rungwe huanza kushika nguvu mnamo Novemba, naye hula magamba ya vijiti na matawi machanga ya mkahawa.

Jike hutafuta sehemu ya chini ya shina, aghalabu katika nusu mita ya kwanza kutoka ardhini. Hulitia gamba jeraha kwa taya zake, kisha hupenyeza yai moja chini ya gamba hilo. Halafu husogea na kurudia. Baada ya wiki tatu hivi yai huanguliwa, na hapo ndipo madhara makubwa huanza.

Buu ni mweupe, hana miguu, kichwa chake ni cha hudhurungi na taya zake ni nyeusi na zenye nguvu. Sehemu yake ya mbele ni pana kuliko ya nyuma. Katika miezi ya kwanza huishi chini ya gamba, akilitafuna kuelekea mizizini na mara nyingi akilizunguka shina. Msomaji akumbuke kwamba chakula kinachotengenezwa na majani huteremka mizizini kwa njia ya tabaka la ndani ya gamba, yaani floemu. Tabaka hilo likikatwa kwa kuzungukwa, mizizi hufa njaa ingawa majani yangali kijani. Mkahawa mchanga waweza kufa kwa sababu hiyo peke yake. Mkahawa mkubwa hudhoofika, hugeuka manjano, huzaa kidogo, na pengine huvunjika upepo mkali unapovuma.

Baada ya hapo buu huingia ndani ya mti wenyewe na kuchimba njia kuelekea juu, huku akisukuma nje unga wa mbao. Humo hukaa miezi mingi, hukua kufikia sentimeta 4 au zaidi kidogo, na hakuna jicho linalomwona. Mwisho hujitengenezea chumba karibu na uso wa shina na kuwa pupa. Pupa hali, hatembei wala hatafuni. Ndani ya ngozi yake mwili wa buu huvunjwa na kujengwa upya kuwa mwili wa mdudu kamili. Kisha mdudu huyo hutoboa tundu la mviringo, lenye upana wa penseli hivi, akatoka. Kwa hiyo mkulima akiona tundu safi la mviringo katika shina, ajue kwamba aliyemtafuta amekwisha kuondoka.

Majina yanayopotosha

Sasa tuyapime majina. La kwanza ni mende. Watu wengi huliita hivyo kila dudu lenye mgongo mgumu, na katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina ubaya. Lakini mende wa jikoni ni wa oda nyingine kabisa, na jambo la muhimu zaidi ni kwamba maisha yake ni tofauti. Mende huwa na maumbo matatu tu: yai, tunutu na mdudu kamili. Tunutu wa mende hufanana na mzazi wake ila ni mdogo na hana mabawa. Kila mtu aliyekulia katika nyumba yenye mende analijua hilo kwa macho yake. Basi tunapomwita bungua mweupe “mende”, twamfundisha msomaji, bila ya kukusudia, kwamba mtoto wake atafanana naye. Msomaji hatatazamia kamwe kwamba mtoto wa mende ni yule buu mweupe asiye na miguu. Hapo ndipo mdudu mmoja anapogeuka wawili.

Jina la pili ni pembe. Lugha kadhaa za Ulaya zimemwita mdudu wa familia hii kwa pembe zake. Wajerumani na Wafaransa, kwa mfano, wamemlinganisha na mbuzi. Mfasiri anayefuata neno kwa neno ataandika “mdudu mwenye pembe ndefu”. Lakini katika pwani yetu yupo tayari mdudu mwenye pembe halisi, naye ni chonga, Oryctes monoceros, anayetoboa minazi. Msomaji wa Bagamoyo au Unguja akisoma habari za mdudu mwenye pembe anayetoboa miti, fikira zake zitakwenda moja kwa moja kwa chonga. Isitoshe, kitu kilicho kichwani mwa bungua si pembe hata kidogo. Pembe ni silaha. Kipapasio ni kiungo cha kunusia na kugusia.

Jina la tatu ni kiwavi, na la nne ni funza. Kiwavi amezoeleka kuwa mtoto wa kipepeo au nondo: ana miguu, na mara nyingi hula majani waziwazi. Funza katika fikira za wengi ni mtoto wa inzi au yule mdudu wa vidoleni. Kumwita buu wa mkahawa kwa majina hayo ni kumpeleka mkulima kumtafuta juu ya majani au katika kitu kilichooza, ambako hayuko.

Jina la tano ni bungua lenyewe. Hili ni jina zuri, kwa kuwa latokana na kitendo kinachojulikana: mahindi yaliyobunguliwa, mbao zilizobunguliwa. Kasoro yake ni upana. Watumishi wa kilimo hulitumia pia kwa wale viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, ambao ni watoto wa nondo. Kwa hiyo neno bungua, likisimama peke yake, hutaja kazi ya kutoboa wala halimtaji mdudu fulani. Lahitaji kivumishi na mmea wake.

Mapendekezo

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi zetu wataka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Katika jambo hili hatuna haja ya kwenda mbali. Maneno mengi tunayo. Tunalokosa ni kuyapanga na kuyatumia kwa uthabiti. Tunapendekeza yafuatayo:

1. Mbawakawa liwe jina la mdudu yeyote wa oda ya Koleoptera. Mende liachwe kwa mende wa nyumbani na jamaa zake.

2. Kipapasio, wingi vipapasio, litumike kwa viungo virefu vya kichwani. Pembe litumike pale tu palipo na pembe, kama kwa chonga.

3. Familia ya Cerambycidae iitwe mbawakawa wenye vipapasio virefu. Jina hili ni refu, lakini laeleweka bila maelezo, na litahitajika zaidi katika vitabu vya shule kuliko shambani.

4. Buu liwe jina la umbo la pili la mbawakawa wote. Kiwavi liachwe kwa vipepeo na nondo, na tunutu kwa watoto wa wadudu wenye maumbo matatu, kama vile panzi na mende.

5. Pupa lishike nafasi ya umbo la tatu. Neno hili ni la kigeni, lakini ni fupi, lafuata matamshi ya Kiswahili, na limekwisha kuzoeleka madarasani.

6. Bungua mweupe wa kahawa liwe jina la spishi hii katika maumbo yake yote manne. Mwandishi akitaka kutaja umbo moja aseme buu wa bungua mweupe, pupa wa bungua mweupe, au bungua mweupe kamili.

Pendekezo la sita ndilo kiini cha makala haya. Twaweza kuulizwa kwa nini jina la kazi ya buu lipewe mdudu mzima, hali mdudu kamili habungui shina, isipokuwa anapotoboa njia ya kutokea. Jawabu ni kwamba jina la spishi si maelezo ya tendo la siku moja. Mbu huitwa mbu hata akiwa dume asiyenyonya damu. Kinachotakiwa ni kwamba msomaji, kila anapokutana na mdudu huyu, katika shina au juu ya kijiti, amkute na jina lile lile, ili ajue ni yule yule. Neno mweupe nalo lafaa pande zote mbili, kwa kuwa buu ni mweupe na mgongo wa mdudu kamili unakaribia weupe.

Faida yake katika nyaraka

Majina yakisha kupangwa, maelekezo ya kazi hufuata kwa urahisi. Mtu ataweza kuandika hivi: “Bungua mweupe kamili hutoka mvua zinapoanza, mwokote na umwue kabla hajataga. Safisha na kulainisha gamba la sehemu ya chini ya shina ili asipate mahali pazuri pa kutagia. Ukiona unga wa mbao, buu wa bungua mweupe yumo. Ingiza waya katika tundu na umwue. Mti ulioharibika kabisa ung’olewe na kuchomwa kabla mabuu na mapupa waliomo hawajakamilika.” Kila sentensi yataja umbo, mahali na wakati. Mkulima wa Kisondela hataulizia tena habari za mdudu wa pili.

Uthabiti huu una uzito zaidi leo kuliko zamani. Kwa miaka mingi wakulima wa kahawa walitegemea dawa kali za kupaka shinani, kama vile dieldrini, na pengine jina la mdudu halikuonekana kuwa na maana maadamu dawa ilikaa shinani na kuua. Lakini dieldrini na aldrini zimo katika orodha ya kwanza ya kemikali zilizowekewa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu hudumu muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe. Dawa zilizobaki, pamoja na kazi ya mikono, zataka mkulima ajue mdudu yuko wapi na katika umbo gani. Ujuzi huo humfikia kwa lugha.

Watumishi wa serikali nao wanahusika. Mwaka 1996 mbawakawa mmoja wa familia hii kutoka Asia, Anoplophora glabripennis, aligunduliwa katika miti ya mitaa ya New York, akiwa ameingia Marekani ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Maelfu ya miti ilikatwa. Mwaka 2002 ulipitishwa utaratibu wa kimataifa unaotaka mbao za kufungashia mizigo inayovuka mipaka zitibiwe, kwa mfano kwa kupashwa joto mpaka kiini cha ubao kifikie digrii 56 za Selisiasi kwa muda wa dakika 30, kisha zipigwe mhuri. Basi afisa anayemweleza msafirishaji wa parachichi kutoka Rungwe kwa nini mbao za kupangia masanduku lazima ziwe na mhuri hana budi kumweleza habari za buu anayeishi ndani ya ubao bila ya kuonekana. Akisema “mende”, msafirishaji ataukung’uta ubao, asione kitu, na atadhani kwamba anasumbuliwa bure.

Hitimisho

Tumeona kwamba bungua mweupe hufaidika na mambo mawili: maisha yake ya siri ndani ya mti, na majina mengi tunayompa sisi wenyewe. La kwanza ni la maumbile, nasi hatuwezi kulibadilisha. La pili limo mikononi mwetu. Mwalimu anaweza kuanza nalo kesho kwa kuchora ubaoni yai, buu, pupa na mdudu kamili, na kuandika chini ya picha zote nne jina moja. Mfasiri anaweza kuanza nalo kwa kuuliza, kabla hajaandika jina la mdudu yeyote: je, mdudu huyu ana maumbo mangapi, na hili ninalolitaja ni lipi kati ya hayo? Swali hilo ni dogo. Lakini mkahawa huchukua miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa vizuri, na bungua mweupe anaweza kuuangusha kabla haujamlipa aliyeupanda.